Kiti cha Kumi na Mbili: Bwana Mikoshiba Noriyuki Anastaafu

Tarehe 31 Machi 2025 Bwana Mikoshiba Noriyuki, Mkuu wa Idara ya Utumishi, atafunga droo ya meza yake kwa mara ya mwisho. Atakuwa amekitumikia Kiwanda cha Pampu cha Hosaka kwa miaka arobaini na miwili, tangu alipokuwa kijana wa miaka kumi na minane mwenye masikio makubwa hadi leo akiwa na sitini. Masikio bado ni yaleyale. Jarida letu limenipa mimi, Momose Yukari wa idara hiyohiyo, kazi ya kumwandikia. Nimeipokea kwa furaha na kwa woga kidogo, maana yeye ndiye aliyekuwa akinisahihishia kila nilichoandika.

Bwana Mikoshiba hakuomba kazi Hosaka. Mwalimu wake wa shule ya ufundi hapahapa Okaya alimwita chumba cha walimu akamwambia, "Mikoshiba, wewe utakwenda Hosaka. Karasawa naye anakwenda hukohuko. Msiniaibishe." Usaili wenyewe ulikuwa kikombe cha chai na swali moja kuhusu afya ya baba yake. Aprili mosi 1983 wakasimama yeye na Karasawa Tetsuo katika mstari wa waajiriwa wapya, suti zao zikiwa za saizi ya mwakani, wakasikiliza hotuba ndefu ya marehemu babu wa mkurugenzi wetu wa sasa. Tangu siku hiyo wakawa watu wa mwaka mmoja, na sisi wa hapa tunajua neno hilo lina uzito gani. Walilala chumba kimoja bwenini, wakagombania jiko moja la mafuta ya taa wakati wa baridi, na kila mmoja akatoa hotuba katika harusi ya mwenzake. Ya Karasawa, nasikia, ilimfanya bibi harusi afiche uso kwenye leso.

Kwa miaka sita alikereza vyuma. Halafu ukaanza ule mchezo wetu wa kila Machi, barua za uhamisho. Mtu anaingia Hosaka kama anavyoingia kwenye ukoo, na ukoo ndio unaoamua kesho atashika jembe au atalea watoto. Bwana Mikoshiba alipelekwa Osaka kuuza pampu. Hebu fikirieni, kijana wa milimani, asiyesema maneno kumi kwa siku, apelekwe mji ambao hata muuza vitunguu lazima akuchekeshe kwanza! Miezi mitatu hakuuza kitu. Siku moja akaingia nyumba ya kuogea ya mtaani, mwenye nyumba akamkemea kabla hajafungua mkoba: "Wewe ndiye mtu wa Hosaka? Pampu yenu imezima, na wateja wangu wako ndani na povu kichwani! Vua suruali uingie!" Akavua. Akaitengeneza ile pampu akiwa na chupi na tai, wazee uchi wamemzunguka wakimwelekeza kwa pamoja kama makocha. Maji yalipotoka walimpigia makofi. Mwenye nyumba aliagiza pampu mbili mpya papo hapo, na jamaa zake wenye nyumba za kuogea wakafuata.

Alipoanza kuizoea Osaka, akahamishiwa uhasibu. Alipouzoea uhasibu, akafanywa msimamizi wa bweni. Nilimwuliza wakati mmoja kama hakuwahi kukasirika. Akajibu, "Nilikasirika kila Machi. Ikifika Mei nilikuwa nimesahau."

Mwaka 2004 barua ilimpeleka mbali zaidi. Tulikuwa tumefungua kiwanda Slovakia, akatumwa kuwa meneja wa wafanyakazi. Mkewe Kazuyo na watoto wakabaki Okaya kwa ajili ya shule, kama ilivyo kawaida, naye akaenda peke yake na sufuria ya kupikia wali.

Jumatatu ya kwanza aliwakusanya wafanyakazi uani kwa mazoezi ya viungo ya asubuhi. Akarusha mikono, akainama, akaruka. Wao walisimama wamekunja mikono wakimtazama kwa huruma. Wiki ya pili alijitokeza mtu mmoja tu, kwa sababu mgongo ulikuwa unamsumbua. Baadaye ulikuja ugeni kutoka Okaya, na Bwana Mikoshiba akamwomba fundi mkerezaji, Jozef, asaidie kufagia uwanja. Jozef alijibu kwa adabu kabisa, "Bwana meneja, mkataba wangu unasema kukereza." Basi meneja akachukua ufagio mwenyewe, akitumaini kwamba Jozef ataona aibu. Jozef aliegemea mlango na kikombe chake cha kahawa, akamtazama mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Umeruka kona ile pale."

Hadithi hiyo ameisimulia kwenye kila sherehe ya mwisho wa mwaka na bado tunacheka. Ile nyingine aliisimulia mara chache zaidi, lakini naamini ndiyo iliyombadilisha.

Alikuwepo pale binti mmoja aitwaye Zuzana, mpangaji wa uzalishaji, mwerevu kupita wote. Kiwanda kilimleta Okaya miezi sita kujifunza. Baadhi yenu mtakumbuka alivyokuwa akila tambi bila sauti hata kidogo kati yetu tunaozivuta kwa kelele, kama mtu anayeficha siri. Alipofikisha mwaka wa tatu aliingia ofisini kwa Bwana Mikoshiba na keki aliyoioka mwenyewe, akasema kwa uchangamfu kwamba kiwanda cha jirani kinamlipa zaidi na mwisho wa mwezi anaondoka.

Bwana Mikoshiba hakuila ile keki. Alikuwa na hakika kwamba kuna mtu amemkosea yule binti vibaya sana, kwa sababu katika maisha yake hakuwahi kuona mtu anaondoka penye heri. Jumapili akavaa suti, akafunga tai, akachukua boksi la peremende za Okaya alizokuwa ameletewa na mkewe, akaenda nyumbani kwa wazazi wa Zuzana kuomba radhi. Baba mtu alipoona Mjapani amesimama mlangoni na suti na zawadi, akapaza sauti kuelekea jikoni: "Zuzana! Kuna mtu amekuja kukuposa! Ni mzee kidogo!"

Walipomaliza kucheka walimkalisha mezani, wakampa supu ya kabichi iliyochachuliwa. Hapo ndipo Zuzana alipomuuliza kilichokuwa kinamsumbua.

"Tulikukosea wapi?" akauliza Bwana Mikoshiba.

"Hamkunikosea. Ningekuwa na hasira ningeondoka bila keki."

"Kama ni mshahara, mbona hukusubiri? Ungepanda."

"Ungepanda lini?"

"Kadiri unavyokaa. Kwetu mtu wa miaka ishirini na saba hulipwa mshahara wa mtu wa miaka ishirini na saba. Akifika hamsini, anayo nyumba."

"Na kama mimi naifanya leo kazi ya mtu wa hamsini?"

Bwana Mikoshiba akachota supu tena. "Basi utakuwa umetukopesha," akamwambia. "Nasi tungekulipa uzeeni."

Zuzana aliweka kijiko chini. "Hilo ni jambo zuri, Bwana Noriyuki, kweli ni zuri. Lakini lazima nikuamini miaka ishirini. Mimi naona rahisi kuambiana leo. Nikitaka kuondoka nakwambia machoni. Na wewe ukitaka niondoke, niambie hivyohivyo, machoni. Tukishaambiana, tunakula keki."

Alirudi kwenye nyumba yake ya kupanga, akaikuta keki imekauka kidogo, akaimaliza yote.

Aliporudi Okaya mwaka 2009 alipewa ukuu wa Idara ya Utumishi, ambako mimi nilikuwa karani mpya. Alikuwa bosi wa ajabu kidogo. Aliwauliza watu wanataka kufanya kazi gani, na watu wakaogopa, wakidhani wamekosea jambo.

Sasa nafika penye sehemu ambayo nilidhani haitapita. Nilimwuliza Mkurugenzi Hosaka kama iandikwe kwenye jarida la kiwanda. Akasema, "Iandike. Ila usinipambe."

Mwaka 2012 mteja wetu mkubwa alihamisha maagizo yake ng'ambo. Karakana nzima ya pili ikawa haina kazi. Hosaka haijawahi kufukuza mtu tangu ianzishwe, na tulijivunia hilo kuliko pampu zenyewe. Akaja mshauri kutoka Tokyo na njia ambayo viwanda vingine vilikuwa vikiitumia kimyakimya. Ghorofani juu ya ghala la zamani kikatengwa chumba, kikapewa jina la kupendeza: Ofisi ya Kukuza Vipaji. Watu kumi na mmoja wa zaidi ya miaka arobaini na mitano wakahamishiwa humo. Meza kumi na moja, viti kumi na moja, hakuna simu, hakuna kompyuta, hakuna kazi. Kila jioni waandike maelezo ya siku yao. Hakuna aliyewaambia waondoke. Walitakiwa wachoke wenyewe, waone haya wenyewe, waandike barua ya kuacha kazi kwa mkono wao. Bwana Mikoshiba akateuliwa kuwa msimamizi wa chumba hicho.

Asubuhi ya kwanza nilikuwepo. Mtu wa kwanza kupanda ngazi alikuwa Karasawa Tetsuo, mwenzake wa mwaka mmoja, fundi mwunganishaji bora tuliyekuwa naye. Alikuja na chakula chake cha mchana na mto wa kukalia kutoka nyumbani. Akaupanga mto kitini, akakaa, akamtazama rafiki yake.

"Mikoshiba. Ndiwe uliyetumwa kunisukuma nje?"

"Ndimi."

"Basi sukuma polepole, kiuno kinaniuma."

Wengine walicheka kwa kushukuru. Bwana Mikoshiba hakucheka. Wiki zile alikuwa akishuka kutoka ghorofani uso umemsawijika, anakaa mezani mbele yangu na kuzungusha kikombe cha chai bila kunywa. Mshauri alitaka awaite mmoja mmoja na kuwauliza, "Je, unadhani bado una nafasi hapa?" Aliwaita, lakini swali lile halikumtoka. Waliongea habari za watoto na magoti.

Wakati wa vuli likaja ofisini boksi la matofaa mekundu, ya daraja la kwanza. Lilitoka kwa mke wa Bwana Uematsu, mmoja wa wale kumi na mmoja, mtu mpole aliyekuwa amepaka rangi pampu zetu maisha yake yote. Ndani kulikuwa na kadi. Mama yule alimshukuru Mkuu wa Idara kwa kumpandisha mumewe hadi Ofisi ya Kukuza Vipaji. Alisema siku hizi mumewe hurudi nyumbani na nguo safi, na wamemwambia mama mkwe, naye amefurahi sana.

Bwana Mikoshiba aliisoma mara moja. Kisha akalibeba lile boksi zima kifuani, akaelekea ofisi ya mkurugenzi. Sikuambiwa nimfuate, lakini mtu hawezi kufungua milango akiwa na boksi la matofaa, kwa hiyo nilimfungulia, na mlango wa mwisho haukufungwa vizuri.

"Bwana Mkurugenzi, haya ni yako. Si halali yangu kuyala."

Mkurugenzi, ambaye wakati huo alikuwa na mwaka mmoja tu tangu arithi kiti, aliisoma kadi. "Unataka nifanye nini?" akasema. "Sisi hatufukuzi watu. Babu hakufukuza, baba hakufukuza."

"Ni kweli, hatufukuzi. Tunawasubiri wajifukuze."

"Angalia maneno yako, Mikoshiba."

"Nimeyaangalia miezi minne, Bwana Mkurugenzi. Kule nilikokuwa, mtu akiwa hatakiwi tena huambiwa machoni, analipwa, anaondoka amenuna lakini anajua kilichompata. Hapa kwetu mtu huchukuliwa kijana, hupewa kazi yoyote iliyopo mpaka nywele ziwe nyeupe, na hatuulizi. Mtu mzima anaweza kuishi kwa njia ile, na anaweza kuishi kwa njia hii. Ile ya ghorofani hakuna anayeweza kuishi nayo. Wale watu walitukopesha ujana wao. Kama hatuwezi kulipa, twende tukawaambie hatuwezi."

"Na nani aende?"

"Mimi niko tayari, ukiniruhusu. Usiponiruhusu, siwezi kuwa msimamizi wa chumba kile. Niwekeeni kiti humo, niwe wa kumi na mbili."

Mkurugenzi alimwambia atoke. Hakupiga kelele, kwetu hakuna anayepiga kelele, lakini kwa neno hilo moja nilijua mambo yameharibika.

Kesho yake asubuhi Bwana Mikoshiba alichomoa simu yake ukutani. Mimi nilishika upande mmoja wa meza na yeye mwingine, tukaipandisha ngazi zile nyembamba tukigonga kila kona. Karasawa alikuja kutupokea juu. "Mmh," akasema, "hata kusukuma umeshindwa." Akamsogezea kiti karibu na dirisha, penye jua. Nilishuka na kwenda kujifungia stoo ya karatasi kwa dakika chache. Mtu aliyetarajiwa kuwa mjumbe wa bodi alikuwa ameketi na watu wanaotazama ukuta, mabinti zake wawili wako chuo kikuu, na hakuna aliyejua litaishia wapi. Baadaye nilisikia kwamba Bi Kazuyo, alipoambiwa usiku ule, aliuliza tu kama chumba kile kina joto, kisha akamfungia soksi nene.

Wiki sita zikapita bila neno kutoka juu. Idara iliendeshwa na mshauri, na watu wakaanza kuzungumza kwa kunong'ona kwenye kantini.

Mkurugenzi alipanda ngazi zile mwenyewe, asubuhi ya theluji, bila mshauri. Alisimama mlangoni mbele ya watu kumi na wawili, akainama mpaka wakaona kisogo chake, na alipoinuka akaongea wazi. Alisema mteja hatarudi. Alisema anaweza kuanzisha kikosi cha kutengeneza pampu za zamani za wateja wadogo, na kikosi hicho kina nafasi sita. Wasiobaki watapewa kiinua mgongo chote na mishahara ya miaka miwili juu yake, na hili alipaswa kuwaambia tangu kiangazi. Kisha akamgeukia Bwana Uematsu akamwambia, "Matofaa yalikuwa matamu. Niliyala bila haki. Naomba radhi."

Bwana Uematsu alibaki, na mpaka anastaafu alikuwa akienda kwa wateja na brashi zake mfukoni. Watano waliondoka, na Karasawa akiwa mmojawapo ingawa nafasi yake ilikuwepo. Siku ya kuondoka alimwambia Bwana Mikoshiba mbele yetu, "Ungeniambia siku ile ya kwanza, ningekushukuru. Umenichelewesha miezi mitano na mto wangu umechakaa." Bwana Mikoshiba akasema, "Ni kweli." Karasawa akampiga bega, akaenda. Miezi mitatu baadaye aliajiriwa na kiwanda cha Ueda, washindani wetu, akiwa na miaka arobaini na minane, umri ambao zamani hakuna aliyemfungulia mtu mlango. Wapo waliomwita msaliti. Bwana Mikoshiba alimpelekea tai mpya. Siku hizi huenda kuvua samaki pamoja na kutukanana kwa mapenzi makubwa.

Meza ilishushwa ngazi, simu ikarudishwa ukutani, na chumba cha ghorofani kikawa mahali pa kuhifadhia mapambo ya sherehe. Tangu hapo, chini ya mkono wake, Hosaka ilianza kuajiri watu waliotoka viwanda vingine, kina mama waliowahi kuacha kazi wakatamani kurudi, hata kijana aliyetukimbia akaona huko nako si peponi. Kila Machi barua za uhamisho bado hutoka, lakini kabla hazijatoka mtu huitwa na kuulizwa. Ajira ya kudumu hakuigusa. Ukimwuliza ipi bora, yetu au ya wale wengine, hujibu kwamba yetu ni bora ikitimizwa.

Kwa desturi, anayefikisha sitini hupewa mkataba wa mwaka mmoja mmoja na kubaki mezani palepale kwa mshahara mdogo. Bwana Mikoshiba ameukataa. "Nikibaki pale," ameniambia, "mtaendelea kuniuliza mimi, na wewe Momose hutakuwa mkuu hata siku moja." Badala yake aliona tangazo la kiwanda kidogo cha miso, lile rojo la soya lililochachuliwa, ng'ambo ya ziwa letu, kilichokuwa kikitafuta mtu wa kutunza mashine siku tatu kwa wiki. Ndipo ikagundulika kwamba mtu huyu, aliyewasaili mamia ya watu, hajawahi kuomba kazi maishani mwake. Mwezi Februari alijifungia nami ofisini akaniomba nimsaili kwa mazoezi. Nilifurahi kupita kiasi.

"Bwana Mikoshiba, unaweza kufanya nini?"

Alifikiri mpaka chai ikapoa. "Chochote mtakachonipa," akasema.

"Hapana, mzee. Huko nje hilo si jibu."

"Basi naweza kutengeneza pampu." Akafikiri tena. "Na naweza kumwambia mtu ukweli. Lakini hilo nilijifunza nikiwa nimechelewa, usiliandike."

Nimeliandika. Kazi ameipata. Bosi wake mpya ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, na tumeambiwa amemwandikia kazi zake zote kwenye mkataba, ukurasa mzima, mstari kwa mstari. Kufagia kumo.

Mzee wetu, asante kwa yote tuliyoyaandika hapa na kwa mengi uliyoyafanya mlango ukiwa umefungwa. Asante kwa Bi Kazuyo pia, aliyekukopesha kwetu muda wote huu. Jioni ya tarehe 31, saa kumi na moja na nusu, utasimama mlangoni na kofia yako mkononi, nasi tutakuwa bado tumeinamia meza zetu. Itakubidi useme maneno ya anayeondoka kabla ya wenzake, ambayo tumekuwa tukikuambia sisi kila jioni, na ambayo mimi sijawahi hata mara moja kuyasikia kinywani mwako: "Samahanini, natangulia." Uyaseme kwa sauti, tafadhali, mpaka karakana isikie. Tutasimama sote tukujibu. Nenda salama, na huko uendako siku zako ziwe njema.